Kilo za harusi zinaporudi

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, ameandika kwamba kila ndugu akikaribia kuoa yeye hupungua, na kila harusi ikipita hunenepa. Mara ya mwisho aliacha ugali, wali na chapati kwa wiki saba, akawa anashindia matango na maji ya limau. Kutoka kilo 91 akafika 80, na gauni la sare likamkaa barabara. Miezi minane baadaye, kijana wa mizani pale kituo cha daladala akamsomea 94. “Hii ni mara ya nne,” anasema. “Mwili wangu una kasoro gani?”

Hauna kasoro. Unafanya kazi yake, tena kwa bidii kuliko mwenyewe anavyotaka.

Mafuta ya mwilini ni akiba, na akiba hiyo ina mtoa taarifa wake. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, mjini New York, lilitambua jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta na kuujulisha ubongo kwamba ghalani kuna kitu. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huchukulia kwamba njaa imeingia nchini. Habari za harusi haunazo. Wakati huohuo ghrelini, homoni ya tumboni inayoamsha hamu ya kula, hupanda. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa mwaka 2011 uliwaanzishia watu 50 mlo wa kalori chache mno wa wiki 10. Baada ya mwaka mmoja homoni hizo zilikuwa hazijatulia, na wenyewe walisema wanasikia njaa zaidi ya walivyokuwa kabla ya kupungua.

Tena mwili huanza kubana matumizi. Mfano unaotajwa sana ni wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser. Kevin Hall na wenzake waliwapima washiriki 14 miaka sita baada ya shindano. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo 58, na kilo 41 zilikuwa zimesharudi. Zaidi ya hapo, miili yao wakiwa wamepumzika ilikuwa ikichoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa umri na umbo lao. Mbio zao zilikuwa kali kuliko za mtu wa kawaida, lakini zinaonyesha mwili unavyoshikilia akiba yake.

Wauzaji wa chai za kukata kitambi hawana haja ya kusoma utafiti huu. Wanamwona mteja yuleyule akirudi kila msimu.

Kwa hiyo swali la dada yetu lianzie siku ya pili baada ya harusi. Matango na limau haviliki mwaka mzima, wala hakuna nyumba ya Tabata itakayoishi bila ugali. Mlo usioweza kuliwa Jumanne ya kawaida umeshaweka tarehe ya kurudisha kilo. Alenge kidogo: kwa mtu wa kilo 94, kupunguza asilimia 5, yaani chini kidogo ya kilo 5, tayari kunaweza kusaidia shinikizo la damu na sukari. Akifika hapo asimame, azishikilie kilo hizo miezi kadhaa, ndipo afikirie nyingine.

Pa kuanzia ni kidumu cha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori zipatazo 120, na jikoni kwetu hakuna anayepima; kidumu kinainamishwa, jicho linakisia. Akiweka vijiko vitatu kwenye sufuria ya mchicha badala ya kumimina vinane, sufuria imepungua kalori 600, na ugali haujaguswa. Sahani ijae mboga na maharage au samaki, ugali uwe mdogo kuliko ngumi mbili. Soda ibaki ya sherehe.

Tangu 1994 watafiti wa Marekani wamekuwa wakiwaandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzishikilia kwa mwaka au zaidi. Wengi wao hujipima walau mara moja kwa wiki, hula kifungua kinywa, na hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Kushuka vituo viwili kabla ya nyumbani nako kunahesabiwa. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki yasisahaulike, maana anayejinyima kwa kasi hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Sindano za semaglutide zinapunguza njaa kweli, lakini washiriki wa utafiti mmoja walioziacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka. Zitumike kwa usimamizi wa daktari tu.

Kabla ya harusi ijayo, dada apime sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo, na amtajie daktari dawa zote anazotumia, ikiwemo sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwani baadhi ya wanawake hunenepa nayo. Kama anatumia dawa za kisukari, asijinyime chakula kabla ya kuonana naye. Sukari inaweza kushuka ghafla akazimia jikoni.