Dondoo muhimu: Mtoto akimwagikiwa chai moto

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huwavuta watoto karibu na jiko. Mtoto akiungua, mwagie sehemu iliyoungua maji baridi ya bomba, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Dakika 20 kamili, hata akilia. Mvue bangili na nguo iliyolowa, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Sehemu nyingine za mwili zifunike blanketi asipate baridi. Tafadhali usipake dawa ya meno, yai wala siagi: huzuia joto kutoka na huleta maambukizi. Funika jeraha kwa kitambaa safi. Mtoto mchanga, au aliyeungua uso au mikono, apelekwe mara moja Hospitali ya Rufaa ya Moi.