Jinsi ya Kuzuia Meno ya Giya ya Mikisa Kutoboka

Wiki hii mikisa yangu ya zege imemwaga slabu nzima karibu na Riruta Satellite bila kukwama, na furaha niliyo nayo lazima niiandike. Wenye mikisa za kukodisha huku Kawangware wanajua ninachosema.

Pinioni iliyotangulia, yaani giya ndogo inayozungusha duara kubwa la meno kwenye pipa, haikumaliza msimu. Meno yake yalitoboka vishimo kama uso wa aliyeugua tetekuwanga, vyote upande wa injini, chini kidogo ya katikati ya kimo cha jino. Hapo ndipo mara nyingi jozi moja ya meno hubeba mzigo wote. Muuzaji wa Barabara ya Kirinyaga alikuwa ameniapia: “Mkubwa, chuma ni chuma.” Si kweli hata kidogo! Tupa ya kawaida ililila jino lile bila shida. Kwenye pinioni iliyogumishwa sawasawa, tupa huteleza. Na pinioni ndiyo inayostahili kuwa ngumu zaidi, maana meno yake hugongwa mara nyingi kuliko ya duara kubwa.

Kwanza, hesabu meno. Pinioni ya meno 15 kwenye duara la 120 hukutanisha kila jino na yale yale manane daima, kwa hiyo jino bovu huharibu wenzake wale wale. Ya 17 huzungukia yote 120, uchakavu ukagawanyika. Ila kipenyo chake ni kikubwa zaidi, hivyo hakikisha ekseli yako inaweza kusogezwa.

Pili, upana. Tangu hesabu za Heinrich Hertz miaka ya 1880 inajulikana kuwa mzigo ukiongezeka maradufu kwenye upana ule ule, mkandamizo juu ya jino hupanda kwa takriban asilimia 41. Jino likigusana nusu ya upana wake tu, balaa ni lile lile. Ulinunua jino pana, unatumia kipande.

Ndiyo maana masizi yameniokoa. Fundi wangu alisafisha meno kwa mafuta ya taa, akachanganya masizi ya jiko na grisi, akapaka pinioni utando mwembamba. Tukazungusha pipa kwa mkono, kijana mmoja akilizuia kidogo ili meno yabanane. Doa lilitokea ukingoni tu, upana wa kidole! Akakata kipande cha bati, akakiweka chini ya beringi ya mbali, tukapaka tena. Doa likasogea. Tukarudia mpaka likatanda katikati ya jino, kisha akapunguza ncha za meno kidogo kwa jiwe la kusaga ili ukingo usibebe mzigo pipa likijaa.

Hatua ya tatu ni kifuniko, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye grisi husaga meno.

Ukienda kununua, beba tupa. Muuzaji akikukataza kujaribu jino moja, nenda duka la pili.