TIN ikikosewa, kodi uliyokatwa huenda kwa mwingine

Msimu wa mavuno unapofika Ufipa, kuanzia Juni hadi Septemba, mazao hutoka Laela, Kaengesa, Matai na Namanyere kuja Sumbawanga mjini, na mengine hupanda mlima kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Mazungumzo ya sokoni huwa juu ya bei ya debe, lumbesa, nauli ya lori na ushuru wa mazao. Juu ya namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, hazungumzi mtu hadi siku ya malipo, na siku hiyo huwa amekwisha chelewa. Kwa hiyo wiki hii, ndugu msomaji, tunaziacha bei kidogo na kushika somo hili.

Tuanze na hesabu. Chukulia umepata kazi ya kupeleka magunia 100 ya maharage katika taasisi moja ya serikali, na mkataba ni shilingi 20,000,000. Bei hiyo ni ya mfano tu. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho yake, taasisi ya serikali inapolipia bidhaa huzuia asilimia 2 ya malipo yote. Hapo utakatwa shilingi 400,000 na kupokea 19,600,000. Angalia vizuri: asilimia 2 hiyo ni ya malipo, siyo ya faida. Ikiwa baada ya kununua maharage, kulipa magunia, vibarua na lori, faida yako ilikuwa shilingi 1,200,000, basi theluthi nzima ya faida imebaki mezani kwa mhasibu.

Wengi huishia hapo, wakaondoka wakinung'unika kwamba serikali imewala. Si kweli, au tuseme bado si kweli. Kodi ya zuio siyo kodi nyingine juu ya kodi. Ni malipo ya kodi yako ya mapato yaliyochukuliwa mapema, kabla hujafunga hesabu za mwaka. Mlipaji anatakiwa kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, akitaja amemkata nani na kwa TIN gani, na wewe upewe cheti cha kodi ya zuio. Ukifika wakati wa ritani, unatoa kiasi kilichozuiwa katika kodi unayodaiwa. Kama kodi ya mwaka ni shilingi 900,000, na 400,000 zimekwisha zuiwa, unalipa 500,000 tu. (Mfano huu ni wa anayetayarisha hesabu zake. Aliye katika kodi ya makadirio aulize ofisini mapema cheti chake kitahesabiwaje.)

Sasa weka namba isiyo sahihi katika taarifa ile. Shilingi 400,000 zimekwisha ingia serikalini, hakuna aliyeziiba, lakini zimeandikwa kwa mtu mwingine au hazina mwenyewe. Katika kumbukumbu zako hazipo. Utadaiwa 900,000 kamili, na ukijumlisha utakuwa umetoa 1,300,000 kwa kodi ya 900,000.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili wazi zaidi. Marekani, anayepokea malipo ya aina fulani hutakiwa kumpa mlipaji namba yake sahihi katika fomu iitwayo W-9, na asipofanya hivyo mlipaji humkata asilimia 24 moja kwa moja. India nayo iliamua tangu Aprili 2010 kwamba asiyetoa namba yake ya kodi, wanayoiita PAN, akatwe angalau asilimia 20, hata kama wenzake wanakatwa kidogo. Kwa maoni yangu, adhabu ya namna hiyo ina ukali lakini ina ukweli: mtu anaiona siku ile ile na kukimbilia kusahihisha. Huku kwetu asilimia ni ile ile 2, malipo yanaonekana yamekwenda sawa, na hasara hujitokeza mwaka unaofuata karatasi zikiwa zimepotea.

Yaliyompata baba yangu mdogo, mkazi wa Laela, ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili. Ilikuwa kabla ya mfumo wa zabuni wa NeST kuanza mwaka 2023, wakati mambo mengi yalikwenda kwa karatasi. Alipeleka maharage katika taasisi moja, nami nikiwa nimemaliza shahada ya biashara, akaniletea ankara niipitie. Nikaona TIN siyo yake.

"Baba mdogo, namba hii ni ya nani?"

"Ya kaka yako wa Mbeya, mwanangu. Yeye alikwisha chukua. Si ukoo mmoja?"

Ankara ilikuwa imekwisha pokelewa na malipo yametoka. Kaka huyo ana duka la simu Mbeya na hajawahi kuuza hata debe moja la maharage. Baadaye aliitwa aeleze mauzo ambayo hayamo katika hesabu zake, maana aliyezuiliwa kodi ndiye anayehesabiwa kuwa ameuza. Baba mdogo kwa upande wake alikuwa na mkataba wenye jina lake, fedha zilizopita benki kwa jina lake, na cheti cha zuio cha mtu mwingine. Ukoo ulikaa vikao viwili. Barua ziliandikwa kwa taasisi kuomba irekebishe taarifa yake, kwa sababu anayeweza kuirekebisha ni yule aliyezuia, siyo aliyezuiliwa. Mhasibu aliyehusika alikuwa amehamishwa. Fedha ile haijarudi mpaka leo ninapoandika.

Nimesema mengi juu ya mzee huyu, lakini hakuwa mjinga. Alikuwa anaogopa. Watu wa umri wake wanaikumbuka kodi ya maendeleo, ile ya kichwa iliyofutwa mwaka 2003, na jinsi watu walivyokuwa wakiingia porini wakusanyaji wakitokea. Kwake, kuandikishwa namba ilikuwa ni kujipeleka mwenyewe. Ila TIN hutolewa bure, na kuwa nayo peke yake hakukuongezei kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara kuomba namba ndani ya siku 15. Siku hizi maombi hufanyika kwa mtandao kwa kutumia namba ya NIDA, au mtu huenda ofisi ya TRA akasaidiwa.

Makosa niliyoyakuta Sumbawanga yanafanana. La kwanza na kubwa ni kuchanganya namba. Mkulima wa leo ana namba nyingi: ya NIDA yenye tarakimu 20, ya usajili wa mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023, ya simu, ya akaunti, na pengine ya uanachama wa ushirika. TIN ina tarakimu 9 tu, nayo huandikwa katika mafungu matatu ya tarakimu tatu tatu. Ukihesabu zikawa 8 au 10, simama. Aliyesajiliwa kwa VAT ana namba nyingine tena, nayo siyo TIN, ingawa nimeona ankara yenye namba ya VAT mahali pa TIN na hakuna aliyeshtuka.

La pili linawahusu walioandikisha kampuni. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, ina TIN yake, na mwenye kampuni ana ya kwake. Mkataba ukiwa wa kampuni, ankara iwe ya kampuni, akaunti ya kampuni na TIN ya kampuni. Jina la biashara tu ni habari nyingine: hilo halina uhai wake peke yake, linatumia TIN ya mwenyewe. Hapa ndipo ndugu wawili wanaochangia mashine ya kukamua alizeti hujikuta kila mmoja akitoa namba yake kwa mteja yule yule, leo hii, kesho ile.

Kosa jingine ni la urithi. Baba amefariki, duka linaendelea, TIN iliyo ukutani ni ya marehemu. Hilo lipelekwe TRA mapema pamoja na barua za usimamizi wa mirathi, siyo kuliacha hadi zabuni ipatikane.

Tukiangalia upande wa mnunuzi, ndipo tunapoelewa kwa nini asiye na TIN hupewa bei mbaya. Anayetakiwa kuzuia kodi asipozuia, sheria humdai yeye mwenyewe kodi ile, kisha ndiyo amtafute muuzaji amrudishie. Nani atamtafuta muuzaji aliyekwisha teremka Mtowisa? Kwa hiyo mnunuzi mwenye hofu hufanya moja kati ya mawili: humwacha, au hupunguza bei kufidia hofu yake, tena kwa zaidi ya asilimia 2. Dalali akikwambia "bei hii ni ya mkononi, bila karatasi", jua kodi imekwisha katwa, ila safari hii imekatwa bila cheti na kuingia mfuko wa mtu.

Jambo hili limeongezeka uzito tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, kodi ya zuio ya asilimia 2 ilipofikishwa kwenye mazao ya kilimo, mifugo na uvuvi yanayouzwa kwa makampuni. Mkulima mdogo anayeuza kupitia chama cha msingi hakulengwa. Aliyelengwa ni yule wa katikati, mwenye ghala mjini, anayekusanya kwa wakulima na kuuza kwa kampuni, na huyo ndiye msomaji wetu mkubwa. Hali kadhalika kuna asilimia 5 kwa anayetoa huduma za kitaalamu, na asilimia 10 ya pango ambayo mpangaji mwenye biashara humkata mwenye nyumba. Kwa mwenye ghala anayelipwa pango la mwaka kwa mkupuo, kosa la tarakimu moja linabeba fedha nyingi kuliko gunia lolote la maharage.

Cha kufanya siyo kigumu. Iandike TIN kwa kuinakili kutoka kwenye cheti, siyo kwa kukumbuka wala kwa kumsomea mhasibu kwenye simu yenye mtandao wa kukatakata. Jina kwenye ankara liwe lile lile lililo kwenye cheti, maana wako kina Joseph ambao NIDA inawajua kwa majina matatu na benki kwa mawili. TRA ina huduma ya kuhakiki TIN katika tovuti yake, hivyo mnunuzi makini anaweza kuangalia jina lililo nyuma ya namba kabla ya kulipa. Ukilipwa pungufu, usiondoke bila kuuliza kiasi kilichokatwa na lini utapata cheti. Kikija, soma mambo matatu: jina, tarakimu 9, na kiasi. Kikiwa na kosa, rudi kwa aliyezuia wiki hiyo hiyo, akiwa bado anakukumbuka na mafaili yako mezani, kisha uhakikishe TRA kwamba rekebisho limefika.

Baba mdogo sasa ana TIN yake. Ameibandika ndani ya jalada la daftari la mauzo, na nakala nyingine anatembea nayo kwenye pochi. Msimu uliofuata alipeleka maharage mahali pengine, akaomba aoneshwe kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi. Tarakimu ya sita ilikuwa 6 badala ya 9. Kijana wa uhasibu akaifuta ankara na kuandika nyingine, mzee akiwa amesimama pale pale dirishani.