Juu ya Nini Chuma ni Baridi na Mti Hapana?

Somo kwa mama, baba na wote wenye kulea mtoto mchanga

Mama, tuanze somo hili na jembe lako. Jana jioni ulirudi shambani, ukaliweka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango. Lilikaa pale usiku kucha. Leo asubuhi mapema unalishika. Ukigusa mpini, unasikia baridi kidogo tu. Ukigusa chuma, unashtuka: ni baridi sawa maji ya mtoni.

Sasa jibu ulizo hili: kati ya chuma na mpini, ni kipi chenye baridi kupita kingine?

Watu wengi watajibu upesi: "Ni chuma!" Hata watu waliosoma wanajibu hivyo. Lakini si kweli. Chuma na mpini vililala pahali pamoja, katika hewa moja, usiku mmoja. Ukivipima na termometri, utaona hesabu ni moja. Kama hewa ya nyumba ni digrii 17, chuma ni digrii 17, na mpini vilevile ni digrii 17.

Basi, mkono umetudanganya? Apana. Mkono umesema neno la kweli, lakini sisi hatukulielewa. Tulielewe leo, kwa maana neno hilo linaweza kuokoa mtoto.

MKONO UNAPIMA NINI?

Mwili wa mtu mwenye afya, ndani yake, una joto la karibu digrii 37. Ngozi ya mkono iko chini kidogo ya hapo. Na joto lina desturi moja isiyobadilika: linatoka katika kitu cha moto na kwenda katika kitu cha baridi. Ukigusa jembe, ni joto la mkono wako linaloanza safari.

Chuma ni sawa barabara pana kwa joto. Linaingia pale kidole kinapogusa, linakimbia mbali ndani ya chuma, na kidole kinapaswa kutoa lingine, tena lingine. Mti ni sawa njia nyembamba ya porini. Joto linaingia kidogo, linabaki palepale chini ya kidole. Kisha kitambo kidogo, pale ulipogusa pamekwisha kupata joto, na mkono hautoi tena mengi. Chuma kinapitisha joto kupita mti mara mia na zaidi.

Ngozi yako haina termometri ya kupima jembe. Inasikia joto lake yenyewe: linapungua ao linaongezeka? Upesi ao polepole? Likitoka upesi, ngozi inalia: "Baridi!" Likiingia upesi, inalia: "Moto!"

Ndiyo sababu jembe lile, likilala kwenye jua kali mpaka chuma na mpini vyote viwe moto, chuma kitakuunguza, lakini mpini utashikika. Sasa joto linakimbia kutoka jembe kwenda mkono, na barabara pana ni ileile. Mama anajua jambo hili tangu zamani: anasonga bugali na mwiko wa mti, hasongi na chuma.

Wazee wetu wanasema, "Baridi imeniingia." Ni maneno mazuri ya kusema, lakini ukweli ni kinyume. Baridi haiingii mwilini. Joto ndilo linatoka. Bulangeti nayo haina moto wake. Inafunga hewa kati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia ni njia mbaya kabisa ya joto, kwa hiyo joto lako linabaki kwako. Lakini bulangeti ikilowa, maji yanakaa pahali pa hewa. Maji yanapitisha joto karibu mara 25 kupita hewa iliyotulia. Bulangeti iliyolowa haikulindi, inakuibia.

MTOTO MCHANGA HAWEZI KUONDOA MKONO

Wewe ukigusa chuma cha baridi, unaondoa mkono, na shauri limekwisha. Lakini fikiri mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Alikuwa tumboni, mahali pa digrii 37. Ametoka, amelowa, na hewa ya nyumba ni digrii 20. Mtu anamlaza uchi juu ya mizani ya chuma ao juu ya meza ya simenti. Si kidole tu kinachogusa. Ni mgongo wote, na matako, na kichwa. Hawezi kuondoka. Hawezi kutetemeka sawa mtu mzima ili apate joto. Mwili wake ni mdogo, na ngozi yake ni nyembamba. Joto lake linakimbia ndani ya chuma, na maji yanayokauka juu ya ngozi yanachukua lingine.

Mtoto aliyepoa anachoka. Akichoka, hanyonyi vizuri. Asiponyonya, anakosa nguvu ya kufanya joto, na anapoa zaidi. Kwa njia hiyo mtoto anaweza kufa bila kilio kikubwa, hata pasipo kidonda wala homa. Usiseme, "Hilo ni jambo la watu wa milimani, kule Butembo na Lubero." Hata Kisangani, kwenye joto, mtoto aliyelowa na kuachwa wazi anaweza kupoa.

FANYENI HIVI

1. Mtoto akizaliwa, mkaushe mara moja na kitambaa safi. Kitambaa kikilowa, kiondoe na kutwaa kingine kikavu. Usimwache ndani ya kile cha kwanza.

2. Mlaze juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi. Wafunike wote wawili na kikwembe na bulangeti, na mvalishe mtoto kofia. Joto la mama na joto la mtoto ni karibu sawa, kwa hiyo joto la mtoto halina pahali pa kukimbilia. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, kule Kolombia, munganga Edgar Rey Sanabria alianza kutumia njia hii kwa watoto waliozaliwa wadogo sana, kwa kuwa masini za kuwatia joto hazikutosha. Leo hata hospitali zenye masini nyingi zinaitumia.

3. Usimlaze uchi juu ya chuma, simenti, ao plastiki. Kabla ya kumpima kilo, tandika kitambaa kikavu chenye joto juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mweke mtoto.

4. Usimwoshe siku ile aliyozaliwa. Ngoja masaa 24. Damu na uchafu, pangusa na kitambaa.

5. Siku ya kumwosha, tia maji ya baridi kwanza ndani ya beseni, kisha ongeza ya moto. Koroga vizuri, halafu onja na kiwiko. Yasikie kuwa ya uvuguvugu, yasiwe ya moto.

USIAMINI MKONO PEKE YAKE

Jaribu jambo hili nyumbani. Twaa mabeseni matatu: moja la maji ya baridi, moja la maji yenye joto yasiyounguza, na katikati maji ya uvuguvugu. Tia mkono mmoja katika ya baridi, na mwingine katika yenye joto. Hesabu polepole mpaka 60. Kisha tia mikono yote miwili katika beseni la katikati. Mkono mmoja utasema, "Ni ya moto." Mwingine utasema, "Ni ya baridi." Maji ni yaleyale!

Sasa fikiri mama aliyekuwa akifua mtoni. Anagusa paji la mtoto na kusema, "Anaungua!" Mama mwingine ametoka jikoni, mikono yake ni moto. Anamgusa mtoto mwenye homa na kusema, "Hana kitu, alale tu." Huyu wa pili yuko katika hatari kubwa, kwa maana atachelewa kwenda hospitali.

Kwa hiyo, kausha mikono kwanza, ngoja kidogo, kisha gusa tumbo la mtoto na nyayo zake:

– Tumbo na nyayo vina joto: ni vema.
– Tumbo lina joto, nyayo ni baridi: ameanza kupoa. Mweke kifuani mara moja, mfunike, mnyonyeshe.
– Tumbo na nyayo vyote ni baridi: ni hatari. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na mpeleke hospitali katika hali hiyohiyo.

Penye termometri, iweke kwapani. Mtoto mchanga anapaswa kuwa kati ya 36,5 na 37,5. Kama mtoto wa chini ya miezi miwili amepita hapo, ao ameshuka chini ya 35,5, usingoje asubuhi. Nenda kwa munganga.

MAULIZO

1. Jembe limelala ndani ya nyumba usiku. Juu ya nini chuma kinasikika baridi kupita mpini?
2. Baridi inaingia mwilini, ao joto linatoka?
3. Utafanya nini kabla ya kuweka mtoto juu ya mizani?
4. Tumbo la mtoto lina joto, nyayo ni baridi. Utafanya nini?

Kama umejibu yote, mwite jirani yako mwenye mimba. Mpe jembe, aguse mpini, kisha chuma, na umwulize ulizo la kwanza. Atajibu vibaya, sawa sisi wote tulivyojibu. Hapo ndipo utaanza kumfundisha.