Kila Doa na Dawa Yake, na Dawa Zisizofaa Kukutana

Kwa familia nyingi za Nyamarambe, hasa zile zinazoitunza Sabato, Jumapili ndiyo siku ya kufua. Mabeseni hutolewa nje asubuhi, maji ya mtungi au ya chemchemi yakamiminwa, na sare za shule zikalowekwa kwa pamoja: shati jeupe, soksi, sweta na sketi. Jumatatu kuna gwaride, na mwalimu ataangalia kola.

Shati hilo moja huwa limebeba mengi. Chini kuna tope jekundu la njiani. Mfukoni kalamu imevuja. Kwenye mkono wa shati kuna doa la kahawia ambalo halikuonekana siku lilipoingia, kwa sababu utomvu wa ndizi huwa kama maji mwanzoni. Mfuaji humimina Jik. Tope likibaki, huongeza maji ya moto. Likikataa tena, hukata ndimu na kukamulia humo humo, kwa kuwa amesikia kwamba ndimu hutoa madoa. Ni kweli hutoa, lakini si ndani ya beseni lenye Jik. Kosa hilo linaweza kumpeleka mtu hospitalini kwa sababu ya soksi.

Jik, na dawa nyingine za klorini za aina yake, ina kemikali iitwayo sodiamu haipokloraiti. Ikikutana na asidi, hutoa gesi ya klorini. Asidi hiyo yaweza kuwa ndimu, siki, au dawa nyingi za kusafishia choo. Gesi hii ndiyo iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi huko Ubelgiji mwezi Aprili mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kiasi kinachotoka kwenye beseni ni kidogo sana kikilinganishwa na cha vitani, lakini katika bafu dogo lisilo na dirisha kinatosha kuchoma macho, kukaba koo na kubana kifua. Mwenye pumu huumia haraka zaidi, na mtoto aliyebebwa mgongoni huvuta hewa ile ile anayovuta mama yake.

Mkojo nao una amonia, hasa ukikaa. Ukikutana na Jik hutoa gesi nyingine zinazowasha, ziitwazo kloramini. Kwa hiyo nepi, shuka la mtoto aliyekojoa na poti lake visuuzwe kwanza kwa maji mengi matupu kabla ya kutiwa dawa yoyote. Wapo pia wanaomimina Jik kwenye choo cha shimo ili kuondoa harufu. Hapo wanapata hasara mara mbili: hewa inayowasha, na kuuawa kwa vijidudu vinavyosaidia kuozesha uchafu shimoni. Jivu kavu linafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kila jiko la kuni linalo.

Kama dawa mbili zimekwisha kuchanganyika na harufu kali imeanza kupanda, acha beseni palipo. Usiongeze kitu wala usiinamie kutazama. Toka nje na watoto, acha mlango wazi, na mkae upande upepo unakotoka. Anayeendelea kukohoa au kuhema kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Sasa turudi kwenye lile tope. Udongo wa Gusii ni mwekundu kwa sababu una madini ya chuma yaliyopata kutu, na Jik haiwezi kuondoa kutu. Mtu anaweza kumaliza chupa nzima na soksi ikabaki na rangi ya chungwa, huku nyuzi za kitambaa zikidhoofika. Kinachofaa ni subira. Acha tope likauke kabisa, kisha likung'ute na kulipiga kwa brashi kavu. Ukilisugua likiwa bichi unalisukuma ndani ya nyuzi. Baada ya hapo suuza kwa maji baridi hadi yatoke yakiwa safi, ndipo uloweke kwa sabuni ya unga kwa muda wa saa moja hivi na kufua. Kivuli chekundu kikibaki kwenye nguo nyeupe ya pamba, hapo ndimu ina kazi: kamulia pale palipo na doa, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha suuza vizuri. Asidi ya ndimu hushika ile kutu na kuiachanisha na kitambaa. Kama nguo hiyo ilikuwa imetiwa Jik kabla, isuuzwe mara kadhaa kwanza mpaka isinuke hata kidogo.

Doa la ndizi ndilo lililowashinda wengi. Katika eneo ambalo ndizi hukatwa, hubebwa begani, humenywa na kuuzwa kila siku, ni vigumu kupata kabati lisilo na nguo iliyoharibiwa nalo. Utomvu wa ndizi, kama maji ya majani ya chai, una tanini. Ukiwa mbichi hauna rangi. Ukipigwa na hewa hugeuka kahawia, na kadiri siku zinavyopita huwa karibu mweusi. Ukigusa chuma, kama kisu chenye kutu, weusi huo huja upesi zaidi. Sabuni ya mche, ambayo ni nzuri kwa jasho na mafuta, mara nyingi hulifanya doa hili likolee. Ndiyo maana mtu hufua shati lililoonekana safi, na likikauka kwenye kamba anakuta ramani.

Dawa ya doa la ndizi ni kuliwahi. Nguo ikiguswa na utomvu, isuuzwe papo hapo kwa maji baridi mengi, kabla ya sabuni. Kisha pangusa kwa kitambaa kilichotiwa spiriti au mafuta taa kidogo ili kuondoa ile sehemu inayonata, paka ndimu, acha kwa dakika chache, suuza, halafu ndipo ufue. Mafuta taa na spiriti vitumike nje, mbali na jiko, na nguo isianikwe karibu na moto hadi harufu iishe. Doa lililokaa wiki nzima ni habari nyingine. Kwenye nguo nyeupe ya pamba linaweza kufifia kwa kulowekwa usiku kucha katika dawa ya unga ya kung'arisha nguo isiyo na klorini. Kwenye nguo ya rangi, afadhali ikubalike kwamba hiyo sasa ni nguo ya shamba.

Wenye uzoefu hawangoji doa. Hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya ndizi mbichi, kwa hiyo utomvu hauwagandi. Mkungu hubebwa juu ya gunia lililokunjwa, si juu ya bega lenye shati. Wachumaji wa majani chai upande wa Nyamache na Kiamokama wanaijua hali hiyo hiyo kwenye vidole na mikono ya nguo zao, na aproni ya nailoni huwaokoa zaidi kuliko sabuni yoyote.

Madoa mengine si magumu yakijulikana asili yake. Damu, maziwa na mayai vina protini, na maji ya moto huipika ikashikamana na kitambaa. Tumia maji baridi na chumvi, kisha sabuni. Wino wa kalamu hutolewa kwa spiriti au sanitaiza: weka kitambaa chakavu chini ya doa, dondoshea juu, gonga-gonga bila kusugua, ukibadilisha kitambaa cha chini kinapojaa wino. Kola iliyogeuka manjano ina mafuta ya mwili, kwa hiyo ipakwe sabuni ya mche ikiwa na unyevu na iachwe nusu saa. Masizi ya sufuria huondoka kwa jivu lenye unyevu, na aliyepaka udongo wa maji nje ya sufuria kabla ya kuiteleka kwenye kuni hatakuwa na kazi kubwa ya kusugua.

Sweta ya shule haifai kuguswa na Jik hata kidogo. Sufu huliwa na klorini ikageuka manjano, na rangi ya bluu au kijani hutoka kwa mabaka. Kabla ya kutumia dawa yoyote ngeni, jaribu kwenye pindo la ndani. Tena, usipige pasi nguo yenye doa ukidhani litafichika, kwani joto hulifunga. Na kwa kuwa mvua ya huku hupenda kuja alasiri, nguo zianikwe mapema; jua lenyewe hung'arisha pamba nyeupe bila gharama.

Jik ina mahali pake, na mahali hapo ni palipo na ugonjwa. Mtu akitapika, akiharisha au akimwaga damu sakafuni, funika uchafu kwa kitambaa au karatasi inayofyonza, ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, uondoe, kisha mimina dawa iliyozimuliwa. Ikiwa lebo inasema nguvu yake ni asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha Jik na vipimo sita vya maji upate asilimia 0.5. Iache dakika 10 kabla ya kupangusa. Mchanganyiko huo utengenezwe siku ile ile, kwa maji baridi, kwa sababu hupoteza nguvu ukikaa na hasa ukipigwa na jua. Unaponunua, tafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kuna uchafu mmoja ambao wengi hawauhesabu kuwa uchafu, kwa sababu ni mweupe na hauachi doa. Ni vumbi la mawe ya sabuni ya Tabaka. Jiwe hilo lina jina la sabuni lakini halitoi povu. Limeitwa hivyo kwa ulaini wake mkononi, unaotokana na madini ya talki. Mchongaji anaporudi nyumbani jioni, vumbi huwa kwenye nywele, kwenye mikunjo ya suruali na ndani ya viatu. Akimpakata mtoto kabla ya kubadilisha nguo, mtoto naye anavuta. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi huumiza mapafu, na madhara yake hayaonekani mwaka wa kwanza wala wa pili.

Nguo za kuchongea zivuliwe nje. Zisikung'utwe mlangoni wala kupigwa ukutani. Zitumbukizwe kwanza kwenye maji ili vumbi lizame, zisuuzwe, kisha zifuliwe katika beseni lao peke yake, mbali na nguo za mtoto. Ukumbi na sehemu ya kazi vinyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na vinyago visuguliwe kwa msasa vikiwa ndani ya maji, kama wachongaji wengi wanavyofanya katika hatua ya mwisho ya kulainisha. Maji meupe ya kufulia yamwagwe shambani, si karibu na chemchemi ambapo majirani wanachota. Hilo lihusu pia maji yenye Jik na sabuni.

Limebaki suala la chupa. Mafuta taa, Jik ya kupima na sabuni ya maji huuzwa na kuwekwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma lebo, na hata angejua, chupa inasema soda. Dawa zikae kwenye vyombo vyake vya asili, vifuniko vikiwa vimekazwa, juu ya kabati au mahali pa kufungwa, si chini ya meza karibu na ndoo ya maji. Ikilazimu kutumia chupa nyingine, ichaguliwe isiyofanana na ya kinywaji, iandikwe kwa kalamu isiyofutika, na watu wote wa nyumba waonyeshwe.

Mtoto akinywa mafuta taa au Jik, asitapishwe. Wengi hukimbilia kumpa maji ya chumvi au kumtia kidole kooni, na hapo ndipo madhara huzidi: mafuta taa yakipanda tena huingia kwenye mapafu, na Jik huchoma koo mara ya pili. Maziwa mengi ya kulazimisha nayo yanaweza kumtapisha. Pangusa mdomo, mvue nguo zilizolowa, mkalishe wima na mkimbize kituo cha afya kilicho karibu. Dawa ikiruka machoni, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, jicho likiwa wazi, kisha nendeni kituoni. Chupa yenyewe ibebwe pamoja na mgonjwa, hata kama imebaki tupu, ili mhudumu ajue alichokunywa.