SOMO: ALIYEKOPA WAVU KWA MCHUUZI AMEKWISHA KUUZA SAMAKI

Makatibu wa vyama wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama, sehemu baada ya sehemu, na kuruhusu maswali.

Madhumuni ya somo

Somo hili lina madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza jinsi wavuvi wa vijiji vya zamani vya Norwe walivyonaswa katika deni, na jinsi walivyojinasua kwa nguvu ya umoja. La pili ni kuonyesha kwa nini msaada mkubwa uliotoka nchi hiyo hiyo haukufaulu katika Ziwa Turkana, nchini Kenya. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, mvuvi wa Malinyi atapata la kumfaa.

1. Urithi wa wavuvi wa kaskazini

Norwe ni nchi ya Ulaya ya kaskazini. Upande wake wa kaskazini kuna visiwa viitwavyo Lofoten. Mgeni aliye na siku moja tu anaweza kuona huko historia ya miaka elfu moja na zaidi. Asubuhi hupelekwa mahali paitwapo Borg. Mwaka 1981 mkulima mmoja alipokuwa akilima shamba lake hapo, jembe la trekta lilifukua vitu vya kale. Wataalamu walichimba, wakakuta misingi ya nyumba ya mtawala wa enzi za Waviking, yaani mababu wa Wanorwe walioishi baina ya miaka 800 na 1050 hivi. Nyumba hiyo ilikuwa na urefu wa mita 83. Nyingine ya mfano wake imejengwa karibu na hapo, na tangu mwaka 1995 ni makumbusho.

Waviking wanajulikana zaidi kwa vita na uharamia. Lakini watu hao walikuwa pia wakulima, wafugaji na wavuvi. Kila mwaka, kuanzia mwezi Januari, samaki wakubwa waitwao torsk huja Lofoten kutoka bahari ya kaskazini ili kutaga mayai. Wavuvi huwapasua, huwafunga wawili wawili mikiani, na kuwatundika juu ya vichanja vya miti tangu Februari hadi Mei. Hawatumii chumvi wala moto. Upepo wa baridi hutosha. Samaki hubaki na kadiri ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, naye huweza kukaa miaka bila kuoza. Mifupa ya samaki wa kaskazini ya enzi hizo imepatikana Haithabu, soko la kale lililoko Ujerumani ya leo. Hivyo biashara ya samaki mkavu ni ya tangu enzi za Waviking.

Mchana mgeni hutembezwa katika vijiji vya wavuvi, kama vile Nusfjord na Å. Huona vibanda vyekundu vya mbao vilivyosimama juu ya nguzo kando ya maji. Vibanda vya namna hiyo huitwa rorbu. Inasimuliwa kwamba mfalme Øystein aliamuru vya kwanza vijengwe karibu na mwaka 1120, ili wavuvi waliotoka mbali wasilale chini ya mashua zao. Leo watalii hulipa fedha nyingi kulala humo. Lakini mwanachama wa ushirika hana budi kuuliza swali ambalo watalii wengi hawaulizi: vibanda hivyo vilikuwa mali ya nani?

2. Jinsi mvuvi alivyofungwa

Karibu na mwaka 1360 wafanyabiashara wa Kijerumani walifungua kituo chao katika mji wa Bergen. Wavuvi wa kaskazini walihitaji nafaka, kwa kuwa mashamba yao hayakuwatosha. Wafanyabiashara waliwapa nafaka kwa mkopo, nao walilipa kwa samaki mkavu. Kila mwaka deni la jana lililipwa kwa samaki wa leo, na chakula cha leo kikawa deni la kesho. Mvuvi mwenye deni hakuweza kumwendea mnunuzi mwingine.

Baadaye walitokea makabaila wa vijijini. Kabaila wa kijiji alimiliki vibanda, gati, duka na vichanja. Mvuvi aliyepanga kibanda chake alipaswa kumwuzia yeye samaki wake, kwa bei aliyoipanga yeye. Sheria ya mwaka 1816 iliwapa makabaila hao hata mamlaka juu ya sehemu za bahari zilizo mbele ya vijiji vyao. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1857, na bahari ikawa huru. Hata hivyo, samaki hawakuwa huru. Nyumba, duka na bei vilibaki mikononi mwa wachache.

3. Jinsi mvuvi alivyojifungua

Mwaka 1926 wavuvi wa Norwe waliunda umoja wao wa nchi nzima. Katika miaka ya 1930 bei zilianguka duniani kote, wakaona kwamba kila mvuvi akiuza peke yake wote wataangamia. Walidai sheria, na mwaka 1938 wakaipata. Kwa sheria hiyo, samaki anapotoka katika chombo cha mvuvi huuzwa kwa mara ya kwanza kupitia chombo cha mauzo cha wavuvi wenyewe tu, nacho ndicho chenye uwezo wa kuweka bei ya chini kabisa. Mwaka huo huo chombo kiitwacho Norges Råfisklag kilianzishwa, nacho kingali kikifanya kazi. Sheria mpya ya mwaka 2013 imeulinda msingi huo.

Yafaa kuangalia vizuri kilichofanyika. Wavuvi hawakumfukuza mchuuzi. Mchuuzi aliendelea kununua, kusafirisha na kuuza mbali. Alichonyang'anywa ni kimoja tu: uwezo wa kupanga bei akiwa peke yake na mtu mwenye deni.

4. Somo la Kalokol

Katika miaka ya 1970 serikali ya Norwe ilianza kusaidia uvuvi katika Ziwa Turkana. Nia ilikuwa njema: Waturkana wengi walikuwa wamepoteza mifugo kwa ukame, na ziwa lilikuwa na samaki. Zilitolewa mashua, chama cha ushirika cha wavuvi kikasaidiwa, na barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar ikajengwa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikajengwa katika kijiji cha Kalokol kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki kwa barafu.

Kiwanda hicho kilifanya kazi kwa muda mfupi sana. Kugandisha samaki katika nchi ya joto kali kulihitaji nishati nyingi na maji safi mengi, na gharama ikazidi thamani ya samaki. Katika miaka hiyo ya 1980 maji ya ziwa yalipungua, na ghuba ya Ferguson, iliyokuwa mazalio makubwa ya perege, ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe, na wafadhili wakaondoka. Baadaye jengo la kiwanda likatumika kama ghala la samaki wakavu.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mababu wa wafadhili hao walitajirisha nchi yao kwa samaki mkavu, aliyekaushwa kwa upepo usiolipiwa. Wavuvi wa Turkana nao walikuwa na jua lisilolipiwa. Lakini kilichopelekwa kwao hakikuwa ujuzi wa kichanja, wala ule uwezo wa kupanga bei uliopatikana mwaka 1938. Kilipelekwa chombo ambacho chama kisingeweza kukiendesha kwa mapato yake. Mali ya chama isiyoweza kulishwa na chama hukila chama.

5. Mvuvi wa Malinyi

Bonde la Kilombero nalo lina urithi wake. Tangu zamani Wandamba na majirani zao wamevua kwa mitumbwi, migono na nyavu, wakifuata mafuriko yanapopanda na kushuka. Perege, kambale na kitoga hubanikwa juu ya vichanja kwa moshi, wakaweza kusafiri mbali. Mwaka 2002 bonde hili liliandikishwa miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2018 daraja kubwa la Mto Kilombero lilizinduliwa karibu na Ifakara, na mizigo haingoji tena pantoni. Soko limesogea. Swali ni nani anayepata faida ya kusogea huko.

Chukulia mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu. Mvuvi amekopeshwa na mchuuzi wavu wa shilingi 200,000. Sharti ni kumwuzia yeye samaki wote kwa shilingi 6,000 kwa kilo. Sokoni bei ni shilingi 8,000, na usafiri pamoja na ushuru ni shilingi 500 kwa kilo. Basi kwa kila kilo mvuvi anapoteza shilingi 1,500. Akiuza kilo 40 kwa mwezi, hupoteza shilingi 60,000. Kwa miezi kumi ni shilingi 600,000. Naye bado anadaiwa bei ya wavu. Wavu wa shilingi 200,000 umemgharimu shilingi 800,000, na huenda umekwisha kuchanika.

Mchuuzi hakumwibia mtu. Alitoa mkopo pale ambapo chama hakikutoa. Kwa hiyo kumlaumu hakutoshi. Ni lazima chama kiifanye kazi yake. Hatua zinazofaa ni hizi:

(a) Wanachama waanze na mfuko wa nyavu, hata mdogo, unaotokana na akiba zao. Mkopo urudishwe kwa fedha, si kwa sharti la kuuza kwa bei ya chini.

(b) Chama kiwe na mizani iliyokaguliwa, na daftari la kupokelea samaki. Kila mwanachama apewe stakabadhi siku ile ile.

(c) Samaki waliobanikwa wakusanywe na kuuzwa pamoja, mbele ya wanunuzi wawili au zaidi.

(d) Ujuzi wa wazee uandikwe: kambi za zamani, mazalio, na majira ambayo hawakuvua. Huo ni mtaji, na unasaidia kulinda samaki wasiishe. Masharti ya leseni na mipaka ya hifadhi yaheshimiwe.

(e) Chama kikipewa mtambo na mfadhili, kabla ya kuupokea mkutano mkuu uulize: nani atalipa mafuta, maji na vipuri mwaka wa tatu?

Vibanda vya Lofoten vinapendeza leo kwa kuwa anayelala humo halazimiki tena kumwuzia mwenye kibanda. Uhuru huo ulitafutwa kwa mamia ya miaka, na ulipatikana baada ya wavuvi kukubali kuuza kwa sauti moja. Mvuvi wa Malinyi hana haja ya kungoja muda huo wote.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kuondolewa, mwaka 1857, kwa sheria ya mwaka 1816 hakukumkomboa mvuvi kikamilifu?
2. Eleza tofauti baina ya kumfukuza mchuuzi na kumwondolea uwezo wa kupanga bei peke yake.
3. Katika kijiji chenu, ni wavuvi wangapi wanaotumia nyavu za wachuuzi? Pigeni hesabu kama ile ya sehemu ya 5 kwa bei zenu halisi.
4. Ni mali gani ya chama chenu ambayo mapato ya chama hayatoshi kuitunza? Lifanyike nini juu yake?