Ujumbe wa Kazi Unaodai Fedha

Leo tutasoma ujumbe wa simu. Tuseme umeingia katika simu ya kijana wako:

"Hongera! Umechaguliwa kufanya kazi mgodini Nyamongo. Tuma shilingi 45,000 za fomu, kupimwa afya na sare. Mwisho ni leo saa 10 jioni. Usimwambie mtu, nafasi ni chache."

Kijana anakuomba uuze mbuzi. Utafanyaje?

Usiuze. Soma tena, polepole. Ujumbe unasema amechaguliwa. Je, aliomba kazi hiyo lini? Nani alimwita kwenye usaili? Sasa tazama neno "tuma". Hapo ndipo penye ndoana. Mwajiri humlipa mfanyakazi, hamtozi fedha ili amwajiri. Hata kazi za serikali, zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huombwa bure. Maneno "leo saa 10" yamewekwa makusudi, usipate muda wa kuuliza. Na "usimwambie mtu" ni mabaya kuliko yote. Kazi ya halali haifichwi.

Matapeli hutaja mgodi kwa sababu mgodi upo kweli na kila mtu anaujua. Kwa watu wa Mugumu wanaweza kutaja hoteli au kambi ya watalii.

Kabla fedha hazijaondoka, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Likiwa jina la mtu, acha. Likiwa la kampuni, bado usilipe.

Lakini yuko tapeli asiyedai hata senti, na huyo ndiye wa kuogopa zaidi. Huja nyumbani kwa heshima, pengine ni jamaa. Anaahidi kumpeleka binti Nairobi au Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nauli atalipa yeye. Sirari si mbali, wanavuka mpaka. Wakishafika, binti hunyang'anywa simu na kitambulisho, kisha huambiwa afanye kazi bila mshahara mpaka deni la nauli liishe. Deni hilo haliishi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamhesabu mtu huyo kuwa mhalifu, hata kama binti alikubali kwa kudanganywa.

Mwulize mgeni huyo: Mwajiri ni nani? Anakaa wapi? Mkataba uko wapi? Kibali chako cha uwakala kiko wapi? Andika majibu yake. Yapeleke kwa Mtendaji wa Kijiji na Ofisi ya Kazi kabla binti hajafunga mzigo.

Kama fedha zimekwisha kutumwa, piga simu kwa kampuni ya simu mara moja, kabla hazijatolewa. Usifute ujumbe, nenda nao polisi. Namba ya tapeli itume pia kwenda 15040.

Zoezi
1. Nakili maneno matatu ya ujumbe yanayoonyesha utapeli.
2. Jirani yako anasema, "Huyu ni mjomba wa binti, hawezi kumdhuru." Utamjibu nini?
3. Andika namba ya simu ya Mtendaji wako hapa: ..............